Mbwa wa Kuazima

Jumamosi, 23 Agosti

Tangazo bado liko mlangoni mwa baa ya Jembe na Sungura. "Anatakiwa msaidizi. Uliza ndani." Nimelisoma kila siku wiki hii. Sehemu ya kwanza nzuri sana. Sehemu ya pili inaniua. Uliza! Tena ndani!

Leo nilifika mpaka kwenye kitasa. Nikakishika. Mtu akatoka, akadhani nimemfungulia mlango, akanishukuru. Nikamwambia hamna shida. Nikarudi nyumbani.

Mama amesema jambo, na amelisema huku akikunja mataulo, maana yake hatanii. Shule imekwisha. Matokeo yametoka: si mabaya, wala si ya kumpigia mtu simu. Nisipokuwa na kazi hapa kijijini siku Shangazi Hilary atakapokuja, yaani Jumapili ya tarehe saba, ataondoka nami kwenda Swindon kuuza mazulia dukani kwake. Shangazi ana sauti ya king'ora. Anaamini kwamba kuona haya ni ugonjwa, na dawa yake ni kusukumwa mbele ya wateja.

Sitaki Swindon. Nataka vilima vyetu, na tope letu, na Jembe na Sungura, ambako moto huwashwa hata mwezi wa nane na watu huingia na soksi zilizolowa wakiwa na furaha kama wameshinda kitu.

Nimefikiri mchana kutwa. Nimegundua! Mtu mwenye mbwa haulizwi amefuata nini baa. Ametoka kutembea, mbwa ana kiu, basi. Mimi sina mbwa. Lakini jirani yetu Bwana Pettifer amebadilishwa nyonga, hatoki, na mbwa wake Kenneth ananenepa dirishani. Mpango ni huu: nitazoeleka baa kupitia kwa Kenneth, mpaka mwenye baa mwenyewe aniombe nifanye kazi. Sitalazimika kuuliza chochote.

Bwana Pettifer alikubali kabla sijamaliza kuomba radhi kwa kugonga mlango. Alisema nimchukue, ila nisiamini macho ya huyo mbwa, hasa yakiniambia kwamba hajala.

Jumapili, 24 Agosti

Kenneth ni mkubwa, wa rangi ya chai ya maziwa. Nusu yake ni mbwa wa kuwinda. Nusu nyingine nadhani ni kochi.

Tulipita njia ya mashambani, juu ya kilima, kati ya kondoo. Kwenye ngazi ya kuvukia uzio alilala chini. Nikamsihi. Nikamvuta. Mwishowe nikambeba na kumpitisha juu kama gunia, kondoo wote wakitazama. Mvua ikaanza. Bila shaka.

Lakini tuliingia! Kenneth aliusukuma mlango kwa kichwa, nami nikafuata mwisho wa kamba. Baa nzima iliinuka. Watu walimpigia magoti. Walimuuliza jina, umri, kama usingizi anapata, kama nyonga za bwana wake zinaendelea vizuri. (Wanamjua Bwana Pettifer. Kila mtu anamjua kila mtu. Isipokuwa mimi.) Mwenye baa, Bi Annelies, Mholanzi mrefu mwenye miwani kichwani, alimpa biskuti mbili kutoka kwenye chupa ya mbwa iliyo kaunta.

Jina langu hakuna aliyeliuliza. Ila Bwana Gough, mkulima mwenye kofia isiyovuliwa, aliniita Mama Kenneth. "Mama Kenneth, umeshahudumiwa?" Nina miaka kumi na minane. Nikasema sina haraka, tangulia wewe. Akatangulia. Halafu nikamwambia mtu wa nyuma yake atangulie. Na wa nyuma yake. Kaunta ya baa haina foleni ya kuonekana, lakini kila mtu anajua zamu yake, na mimi yangu niliigawa yote.

Niliondoka bila kunywa hata maji. Kenneth alikunywa bakuli zima, akala krispi za meza tatu. Hata hivyo: nilikuwa ndani. Maendeleo!

Jumatatu, 25 Agosti (sikukuu)

Balaa. Clemmie Harcourt.

Tulikuwa darasa moja miaka saba na tumeongea labda mara mbili, zote kuhusu kifutio. Leo amekuja baa na mbwa wake Olive, wa masikio marefu yenye mawimbi. Olive amevaa kitambaa shingoni. Clemmie amevaa kitambaa cha namna hiyohiyo kichwani. Amekaa kwenye stuli ya kaunta kama mtu aliyezaliwa juu yake, akicheka kila Bi Annelies anaposema neno. Na Olive anatoa mkono! Ukimwambia hujambo, anakupa mguu!

Nilimwona Clemmie akilisoma tangazo wakati wa kutoka. Amelisoma taratibu, mpaka mwisho.

Mpango mpya. Kenneth naye lazima awe na ufundi. Nimeamua atabeba orodha ya vyakula kutoka mezani na kuipeleka kaunta kwa mdomo. Bi Annelies ataona, atauliza nani kamfundisha, nami nitatazama chini.

Nilimfundisha pale pale, chini ya meza. Alibeba vizuri sana. Halafu akaila. Ukurasa wa samaki, wa nyama, na nusu ya vitindamlo. Bwana Gough alisema yeye mwenyewe huwa hawezi kuchagua, lakini hajawahi kufikia hapo.

Jumatano, 27 Agosti

Nimeacha ufundi. Sasa ni vitendo. Msaidizi wa baa hufanya nini? Hukusanya glasi. Basi nikikusanya glasi kidogo kidogo, kama kwa bahati, wataniona ninafaa.

Nilikusanya za meza ya dirishani. Nikafuta meza kwa mkono wa sweta. Nikakusanya za meza ya mlangoni. Nilikuwa na mwendo mzuri kabisa. Kisha nikachukua ya Bwana Gough, na Bwana Gough alikuwa bado ameishika.

Tuliivuta wote wawili kwa muda. Akasema kwa upole, "Mama Kenneth, nisaidie, hii ndiyo kwanza naanza." Bia ilikuwa magotini mwake. Niliomba radhi kwake, kwa suruali yake, na nadhani pia kwa meza. Alisema si neno, suruali imeona mabaya zaidi, imewahi kuzalisha ng'ombe.

Bi Annelies alinitazama muda mrefu, miwani ameishusha machoni. Naogopa anadhani naiba glasi.

Clemmie hakuwepo. Asante Mungu.

Jumamosi, 30 Agosti

Mama aliuliza kazi inakwendaje. Nikasema mambo yako jikoni. Akasema anatumaini ni jiko la hapa, si la Swindon.

Nilipomrudisha Kenneth, Bwana Pettifer aliuliza kama nimeshaongea na Bi Annelies. Nilimweleza kwamba mtu haendi tu kuongea. Mtu hujiweka mahali pa kuonekana, kisha husubiri. Akanitazama juu ya kikombe. Akasema enzi zao waliuliza. Nikasema nyakati zimebadilika. Akasema ndiyo, anaona, zamani hata mbwa walikuwa wembamba.

Jumapili, 31 Agosti

Siwezi kuandika. Naandika.

Jembe na Sungura ina vyumba viwili. Chumba cha sakafu ya mawe, cha mabuti na mbwa. Chumba cha zulia, cha chakula cha Jumapili. Mbwa haingii kwenye zulia. Watoto wachanga wanalijua hilo.

Kenneth aliingia kwenye zulia.

Sikumwona akiondoka. Nilikuwa nimeinama, najizoesha kusema "habari za mchana, Bi Annelies" bila kutoa sauti. Kilichofuata ni ukelele. Mchungaji Lovelock alikuwa amefumba macho, anashukuru kwa chakula, na alipofumbua chakula hakikuwepo. Nyama yote ya kuoka! Mchuzi ulikuwa unachirizika kidevuni mwa Kenneth, naye amekaa wima kando ya kiti kama mzee wa kanisa.

Aliyemkamata ni Clemmie. Clemmie! Alimshika ukanda wa shingo, akamrudisha kwenye mawe, akanikabidhi. Alisema kitu lakini sikusikia kwa sababu masikio yangu yalikuwa yanawaka moto. Niliomba radhi kwa Mchungaji, kwa mke wa Mchungaji, na kwa kiti nilichokigonga nikirudi nyuma.

Nilingoja kufukuzwa. Badala yake watu wote walicheka mpaka wakafuta machozi. Mchungaji alisema Kenneth ameonyesha imani kubwa. Bi Annelies alileta sahani nyingine, akampapasa Kenneth, akamwita mwizi mkubwa. Kenneth alisamehewa kabla hajameza. Hapa kwetu mbwa hasemwi. Ni mimi tu sijajisamehe. Nilienda nyumbani kwa njia ya nyuma, yenye majani ya kuwasha.

Jumanne, 2 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nianze mwanzo.

Tulifika mchana, baa tupu, mimi na Kenneth. Bi Annelies alitoka nyuma ya kaunta. Akaja moja kwa moja. Akasimama mbele yangu. Akasema ninakuja kila mara. Akasema nakusanya glasi bila kutumwa, nafuta meza, watu hawanijui lakini wananipenda. Akasema anahitaji mtu, mchana na wikendi, mpaka Krismasi na baada yake. Je, nataka kazi?

Mpango umefanya kazi! Kila kitu nilichopanga! Mwenye baa kaniomba mwenyewe!

Nami nikasema: "La, la, usijisumbue kwa ajili yangu."

Bi Annelies akasema, "Sawa." Akaenda kufungua pipa.

Alisema SAWA.

Kila mtu aliyelelewa vizuri anajua mambo haya. Ukipewa kiazi cha mwisho kwenye bakuli, unakataa. Mwenyeji anasema tafadhali, kitatupwa. Unakataa tena, lakini kwa unyonge. Anasema tena. Hapo unashusha pumzi, unasema basi kama ni kusaidia, na unakila kiazi ulichokitamani toka mwanzo. Mama alinifundisha. Mama alifundishwa na bibi. Nilikuwa nimesimama pale, mikono mbele, nangoja mara ya pili! Nilikuwa tayari na sura ya unyonge!

Inaonekana Uholanzi wanauliza mara moja.

Nilikaa robo saa zaidi nikiamini atarudi. Alirudi. Kuchukua kitambaa.

Alhamisi, 4 Septemba

Tangazo limeondolewa mlangoni. Pamebaki alama ya gundi.

Clemmie amevaa aproni.

Niliingia ili nimpongeze, maana ndiyo adabu. Nikaishia kumpongeza Olive. Clemmie alicheka kile kicheko chake, akaangusha sinia lenye vikombe, akacheka tena, akaviokota vipande huku amemgeuzia kila mtu mgongo. Sikujua la kufanya na jambo hilo, nikatoka.

Mvua haikuwa inanyesha ila ilikuwa inafikiria. Nilikaa kwenye ngazi ya kuvukia uzio. Nililia kidogo, kwa namna ambayo mpita njia angeweza kudhani ni mafua. Kuanzia wiki ijayo nitaulizwa na watu wa Swindon zulia lipi halionyeshi madoa, na nitasema lolote mnaloona ni sawa, na Shangazi atanisukuma mgongoni.

Kenneth alilala juu ya miguu yangu yote miwili. Ni mzito sana. Hakuna aliyenielewa hivyo wiki nzima.

Ijumaa, 5 Septemba

Asubuhi Mama alishusha sanduku kutoka darini. Alilipangusa vumbi mara mbili. Naona naye hakupenda.

Kisha pigo la pili. Daktari amemruhusu Bwana Pettifer kutembea kwa fimbo, kwa hiyo Kenneth anarudi kwa mwenyewe. Mimi sasa sina kazi, wala mbwa, wala sababu ya kupita mlango wowote. Bwana Pettifer alisema twende wote baa, akasherehekee nyonga. Nikasema hapana, nendeni tu. Akasema njoo. Nikasema nitawachelewesha. Akasema njoo, binti, fimbo hii na kamba ya Kenneth haviwezi kukaa mkono mmoja. Nikasema basi kama ni kusaidia. Mnaona? Ndivyo inavyofanywa!

Baa ilimshangilia Kenneth, halafu Bwana Pettifer. Mimi nilisimama nyuma ya koti la mtu. Bwana Pettifer aliagiza bia, akauliza kwa sauti ya mtu mwenye masikio mazito kwa nini huyu mtoto wa jirani yake hakupewa kazi, baada ya kuzurura hapa kwa wiki mbili akiitafuta.

Bi Annelies akasema alinipa. Nikakataa.

Bwana Pettifer akauliza nilikataa mara ngapi. Bi Annelies akasema moja. Bwana Pettifer akaweka glasi chini. "Moja! Mama wewe, moja si kukataa! Moja ni salamu!"

Bi Annelies akauliza kwa nini mtu anayetaka kitu aseme hakitaki. Hapo wote wakaanza kumweleza kwa pamoja. Bwana Gough alieleza kwa mfano wa kiazi. Mchungaji alieleza kwa mfano wa kipande cha keki. Mke wa Mchungaji alisema yeye alikubali alipoombwa mara ya nne, akaona haya, akasema hamaanishi ndoa, anamaanisha kiti kwenye basi. Bi Annelies akakaa kwenye stuli. Alisema ameishi hapa tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Miaka yote hiyo anaondoa mabakuli ya viazi mezani akidhani Waingereza hushiba upesi. Bwana Gough akasema kwa huzuni kwamba yeye ametoka kwake na njaa mara nyingi.

Kisha Bi Annelies akasimama. Akamtafuta mtu nyuma ya koti. Akanitazama. Akasema kazi zipo mbili, kwa sababu Clemmie anaondoka mwisho wa mwezi kwenda chuo Leeds, na hata sasa vikombe vinakwisha. Clemmie alisema kutoka nyuma ya kaunta kwamba ni kweli, vinakwisha. Bi Annelies akasema atauliza mara moja tu, kwa sababu ndivyo alivyo. Unataka, hutaki?

Wote wakanigeukia. Hata Kenneth.

Nilifungua mdomo. Nilihisi "usijisumbue" inapanda kooni kama kwikwi. Nikaona akilini lile sanduku limefunguliwa kitandani. Nikaimeza. Nikasema ndiyo.

Nilisema kwa sauti ndogo sana hata Bwana Gough, aliyekuwa karibu, akalazimika kuitangazia kaunta. "Amesema ndiyo!" Wakapiga meza kwa glasi za bia. Bi Annelies aliniuliza jina. Nikasema Bryony. Baa nzima ikasema aah, Bryony, jina zuri. Kisha wakaendelea kuniita Mama Kenneth.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku ya kwanza kazini. Sikuvunja kitu. Nilimpa mtu bia aliyoagiza mwenzake na mwenzake ya kwake, lakini wote wawili waliona aibu kunirekebisha, wakanywa hivyo hivyo.

Jambo la ajabu. Saa ya msongamano nilikimbilia stoo kupumua, nikasema nimefuata ndimu. Clemmie alikuwa humo. Naye alikuwa amefuata ndimu. Tulisimama hapo kati ya magunia bila ndimu. Akaniambia anaogopa watu tangu darasa la kwanza, ndiyo maana anacheka, kicheko kinatoka chenyewe kama chafya. Akasema ni mama yake aliyemwambia aende baa na mbwa ili azoee watu kabla ya Leeds. Jumapili ile ya nyama, alichoniambia akinikabidhi Kenneth ni kwamba ananionea wivu, kwa sababu mimi huonekana mtulivu.

Mimi! Mtulivu!

Miaka saba darasa moja. Sijui kama nitalala kwa kufikiria hilo.

Jumapili, 7 Septemba

Shangazi Hilary alifika na gari lililoondolewa vitu kwenye kiti cha nyuma tayari kwa sanduku. Mama alimleta baa kula. Niliwahudumia mimi. Niliweka nyama mbele yake, viazi, mchuzi, na nikamuuliza kwa sauti inayosikika kama anataka haradali. Shangazi akamtazama Mama. Mama alikuwa anatazama dirishani akitabasamu peke yake. Shangazi alisema haradali ndiyo. Baadaye, kwenye maegesho, alinivuta sikio akasema ni hasara kwa mazulia. Aliondoka na kiti chake kitupu.

Kwa hiyo nimejifunza. Naandika hapa kwa herufi kubwa ili nisisahau: UKITAKA KITU, SEMA NDIYO. Ni rahisi kabisa. Nashangaa watu wanashindwaje.

Jioni, tukifuta meza za mwisho, Clemmie alisema, akiitazama meza, kwamba kesho asubuhi atampeleka Olive kilimani, mpaka kwenye daraja na kurudi hapa kunywa kitu. Kama labda ningependa kwenda naye. Kabla hajaondoka kwenda Leeds.

Nilitaka kuliko nilivyotaka kazi. Sijawahi kuwa na mtu wa kutembea naye tangu tumalize shule, wala kabla ya kumaliza.

Nikasema, "Aa, usijisumbue kwa ajili yangu."

Clemmie akawa mwekundu. Akasema sawa, si kitu. Akaenda kuosha sinia safi.

Si neno. Nina mpango. Kesho asubuhi nitapita kilimani kwa bahati, na kukutana naye darajani kwa bahati, na atalazimika kusema twende wote. Kinachohitajika ni mbwa. Kenneth ana mwenyewe sasa, na wameshapanga kwenda mjini. Lakini Mchungaji Lovelock ana mbwa, yule mfupi mrefu kama soseji, anayeng'ata. Nitaamka mapema niende kwake. Sitamwomba, bila shaka. Nitasimama tu langoni, na sura ya mtu anayefaa kupewa mbwa.